Kadi Moja Kwenye Kopo la V

Kiwandani,
4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumai hujambo na cherehani nayo haijambo. Mimi mzima wa afya, ila nimekasirika, kwa hiyo salamu nazikomesha hapa.

Kopo la V limefika. Nililifungua mwenyewe, nikazitandaza kadi za kamusi ya baba mezani, nikaanza kupanga herufi za risasi za kuchapia moja baada ya moja kama nilivyofanya tangu A. V/87 ni "viper", na mfano wa marehemu mama uko pale chini: "Ulimi wa jirani yule ungetosha kuua panya wa mtaa mzima." Sahihi yake ipo. Nikacheka peke yangu. Nikachukua inayofuata, nikakuta V/89, "virtue". V/88 haipo. Nimehesabu mara tatu. Nimelipindua kopo na kuligonga matako, kikatoka kipande cha biskuti ambacho nadhani kina umri wangu.

Daftari la baba linasema V/88 ni "viridity". Sijawahi kulisikia. Nilichonacho ni shimo la mistari tisa katikati ya ukurasa.

Bosi amesema, "Si uandike chochote?" Nikamweleza utaratibu wa baba: kila neno la Kiingereza na kadi yake, kila kadi na mfano wa Kiswahili uliotoka kinywani mwa mtu aliye hai, na mtu huyo atie sahihi asije akasingiziwa. Akauliza, "Na asiyejua kuandika?" Nikamwambia anatia dole gumba. Akaniuliza kama baba alikuwa hakimu. Nikamwonyesha A/203, "apologise", tuliyoichapa bila mfano wowote kwa sababu baba mwenyewe aliandika: "Mfano unatafutwa. Nyumba hii hailitumii." Bosi akatikisa kichwa, akaenda zake.

Sasa nisikilize. Ameniachia mashine ndogo mpaka tarehe thelathini Aprili tu, baada ya hapo ni madaftari ya shule usiku na mchana. Ukurasa wa V umesimama, herufi zimefungwa humo na kazi nyingine haziwezi kuzitumia. Neno lenyewe lina i tatu, na i ndizo zinazoniishia. Itafute hiyo kadi uniletee kwa posta haraka.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani,
10 Machi

Kitinda,

Barua yako imenikuta na sare arobaini za shule za kutia vifungo na pini sita mdomoni. Nikazitema ili nikuseme vizuri.

Kadi haipo. Nimetazama kopo la U, la W, hata la X ambalo lina kadi nne na vifungo vyangu. Nimeinua godoro la baba. Nimetia mkono ndani ya viatu vyake. Nimesogeza kabati peke yangu, mgongo ukalia kama mlango, na nyuma yake nikakuta ile miwani aliyonilaumu miaka miwili kwamba niliikalia. Wala haijavunjika. Angekuwepo ningempelekea mezani kwenye sinia.

Liruke hilo neno. Nani atalitafuta? Nimeuliza wateja wangu wote leo, hakuna aliyelihitaji.

Na wewe usinifanye nicheke. Ni wewe uliyesimama sebuleni siku tuliyomzika mama, watu wamejaa mpaka barazani, ukamwambia baba, "Umeandika maneno elfu kumi na mbili, na mama hukumwambia hata moja." Mbele ya watu. Kisha ukapanda basi la saa tisa, usirudi mpaka yeye mwenyewe alipokuwa wa kuzikwa. Leo mtu huyohuyo ananihamishia makabati kwa ajili ya neno moja, tena la Kiingereza, tena ambalo nadhani Waingereza wenyewe wamelisahau. Maji hufuata mkondo, kweli.

Kula vizuri. Barua yako ilikuwa na mwandiko wa mtu mwenye njaa.

Dada yako


Kiwandani,
15 Machi

Dada,

Haliruki. Baba aliandika kwenye utangulizi kwamba maneno yote ya daftari yamo kitabuni, "bila kukosa hata moja". Utangulizi nilishauchapa nakala mia tano. Unataka nimfanye mwongo na yuko kaburini?

Na usijitie hamnazo. Unazikumbuka kadi za Q? Uliziunga kwa gundi ukazifanya karatasi ya kukatia mifuko ya mashati. Baba alilazimika kuisoma "quarrel" ikiwa imeshonewa ndani ya mfuko wa mteja, mteja mwenyewe akiwa amelivaa shati. Kwa hiyo tazama karatasi zako za kukatia nguo, zote, hata za kola. Sikushutumu. Nasema tazama.

Bosi amepita leo akanikuta nimekaa mbele ya shimo lile nimeshika tama. Kasema baba angekuwa hai angemwajiri kisha amfukuze siku hiyohiyo. Wenzangu wamelibatiza shimo jina, wanaliita "kisima cha mzee". Kila anayepita anainama na kuuliza kama maji yamepatikana.

Siku thelathini za Aprili si nyingi ukitoa na za posta. Fanya hima.

Kitinda


Nyumbani,
21 Machi

Wewe,

Nilikuwa na miaka kumi na tatu! Kadi za Q nilizikata nikiwa na miaka kumi na tatu, nilichapwa, nikazinakili upya zote kumi na tisa kwa mkono wangu, na leo wewe mwenye mvi mbili za kidevu unanikumbusha? Nani alikuwa akimsomea baba kadi zake macho yalipochoka? Nani alikuwa akimshikia kopo? Huwezi kuondoka miaka mitatu halafu ukarudi kwa posta kuniuliza nimeweka nini wapi.

Karatasi za kukatia nguo nimezitazama. Zote. Hata za kola. Hakuna.

Kwa kuwa najua hutanyamaza, nilivaa koti la mvua la baba, maana kunanyesha tangu Jumatatu, nikaenda kwa mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa nyuma. Ana kamusi ya Kiingereza kubwa kama jiwe la kufulia. Hakukubali niondoke nayo, kwa hiyo nimenakili nimesimama, maji yakinichuruzika kwenye sakafu yake na yeye akiitazama sakafu. Haya, shika:

"Viridity" ni hali ya kuwa kijani, hasa ule wa majani na mimea inapochipua. Limetoka Kilatini, "viridis", yaani kijani, nalo lina undugu na kitenzi "virere", kuwa kijani. Likapitia Kifaransa cha zamani, likaingia Kiingereza zaidi ya miaka mia tano iliyopita, na tangu liingie halikupata marafiki. Watu waliendelea na neno lao la kawaida, hili likabaki vitabuni. Mwalimu mkuu anasema pia unaweza kumwambia mtu ambaye akili yake haijaiva. Nikamwambia ninaye mmoja.

Kiswahili chake andika "ukijani". Limenijia lenyewe mdomoni wakati nanakili. Nadhani tulikuwa tukilisema nyumbani tulipokuwa wadogo, sikumbuki nani. Na mfano huu hapa, nimeusema kwa mteja leo asubuhi, ni wa kweli kabisa: "Ukijani wa kitambaa hiki haufanani na wa kile cha jana." Sahihi yangu nimeitia pembeni. Bandika, chapa, tulale.

Dada yako, mwenye mafua


Kiwandani,
26 Machi

Dada,

Ukijani! Neno gani hilo? Nimewauliza watu wanne hapa. Wawili hawajawahi kulisikia, mmoja kasema litakuwa ugonjwa wa mahindi, na wa nne ni bosi, sitakuandikia alichosema. Tuna "kijani", tuna "ubichi", tuna "rangi ya majani". Hilo lako umelitunga ukiwa umelowa. Baba alikuwa akimhoji muuza maziwa nusu saa kabla ya kumkubalia neno moja, asingeliruhusu hilo lipite hata mlangoni.

Nisamehe ukali. Hapana, futa hiyo, sijaanza kuomba msamaha. Ila kuna jambo sikukuambia na naona nikiendelea kulificha utanitukana zaidi.

Siitaki kadi hiyo kwa sababu ya utangulizi tu. Nimesoma kadi zote, dada, kila moja, kwa sababu nazipanga herufi kwa herufi na huwezi kuruka. Na kila mfano una tarehe. Mimi nimo humo mara mia moja na sita. Kwenye "bargain" nina miaka tisa nataka kubadilisha viatu na ndege. Kwenye "laggard" nina kumi na saba, baba ameandika tu kwamba niliahidi kuamka. Lakini baada ya siku ile tuliyomzika mama, simo. Muuza maziwa yumo, mwalimu mkuu yumo, wewe umo kila ukurasa unalalamika. Mimi nimekatika. Nilianza A nikisema nitajiona B. B nikasema labda F. Nimefika V. Kopo la W nimeshalichungulia, na X, Y, Z. Simo.

Kadi niliyobaki nayo ni moja, nayo ndiyo haipo. Najua ni ujinga. Lakini alikufa hatujasemezana, na sijui kama alikufa ana radhi nami au hana, na hapa duniani hakuna mahali pengine pa kutazama. Kwa hiyo usinipe mfano wa kitambaa. Nitafutie kadi.

Mdogo wako


Nyumbani,
1 Aprili

Mdogo wangu,

Ungesema hivyo tangu tarehe nne Machi ningekutafutia bila kusaga meno. Mbona lazima mtu akung'oe maneno kwa koleo?

Nimepata kitu. Si kadi. Nimepata kijitabu chake cha kadi zilizotoka, kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la mvua, lile nililolivaa mara tatu mwezi uliopita huku nikitafuta kila pahali. Ukicheka nitajua.

Unaujua utaratibu. Msemaji akiwa mbali, baba alikuwa akimpelekea kadi aitie sahihi airudishe, na ikirudi anapiga mstari. Humu kuna kadi ishirini na moja. Ya fundi wa saa aliyehama, ilirudi. Ya binamu, ilirudi ikiwa na doa la chai. Ishirini zimepigwa mstari. Moja haikupigwa. Nakunakilia kama ilivyo:

"V/88. Kwa posta, kwa msemaji, kwa sahihi. Juni mwaka juzi. Haikurudi. Nimeinakili upya, Novemba. Haikurudi. Nimeinakili upya, Julai."

Hiyo Julai ni ya mwaka jana. Agosti tulimzika.

Na pale penye jina la msemaji ameandika neno moja: Kitinda.

Nimekaa na kijitabu hicho mapajani mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba. Sasa nakuuliza kwa utaratibu, na naomba jibu la mtu mzima. Baba alikuandikia barua tatu. Ziko wapi?

Dada yako


Kiwandani,
6 Aprili

Dada,

Barua zilifika. Hazikuwa na kadi.

Labda posta waliidondosha. Labda alisahau kuitia bahashani, macho yake unayajua. Tafuta tena kwenye meza yake, ile droo ya kushoto inayokwama. Ukiipandisha juu kidogo inafunguka.

Bosi ameniuliza leo kama avunje ukurasa wa V. Nimemwambia bado.

Kitinda


Nyumbani,
11 Aprili

Kitinda,

Droo ya kushoto imejaa kalamu zilizokauka. Niliifungua tarehe kumi Machi.

Nimekulea miaka minne mama alipokuwa akifanya kazi zamu ya jioni. Nakujua unavyosema uongo: sentensi fupi, kisha unamtaja mtu mwingine, kisha unatoa maelekezo. Ulisema hivyohivyo uliposema paka ndiye aliyevunja saa.

Umejuaje hazikuwa na kadi? Baba hakuwahi kusahau kadi. Alisahau miwani, alisahau chakula, alinisahau mimi sokoni nikiwa na miaka mitano, kadi hakusahau hata siku moja. Wiki tano umenifanya nipekue nyumba nzima, umeisingizia mikasi yangu, umeniita mtunga maneno. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana mdogo.

Nina swali moja tu, usinijibu kuhusu droo. Ulizifungua?

Dada yako


Kiwandani,
17 Aprili

Dada yangu,

Sikuzifungua.

Ya kwanza ilipofika nilikuwa bado na hasira, nikasema nitaisoma hasira ikiisha. Ya pili ilipofika hasira ilikuwa imeisha, nikaona aibu kwamba ya kwanza bado. Ya tatu niliona mwandiko wake kwenye bahasha umeharibika, nikaogopa. Kisha telegramu yako ikaja kwamba amefariki, na hapo ndipo sikuweza kabisa. Nilidhani mle ndani amenilaani. Mtu akikulaani na yuko hai unaweza kumpigia magoti. Akishakufa, utamwendea nani? Nikaona afadhali nisijue. Nikaziweka chini ya droo ya herufi zilizovunjika, kwa sababu hakuna anayeifungua, nikaanza kukusumbua wewe. Ilivyoandikwa hapa inaonekana kichaa. Nilipokuwa nikifanya haikuonekana hivyo.

Barua yako ilifika jana. Leo saa sita, wenzangu walipokwenda kula, nimeziweka tatu mezani nikazifungua kwa kisu cha kukatia karatasi.

Hakuna barua, dada. Hakuna hata neno juu ya siku ile. Ni kadi tu. Kadi ileile mara tatu, ya kwanza mwandiko umenyooka, ya pili herufi zimekuwa kubwa, ya tatu mistari inateremka kama anayeandika ndani ya basi. Nakunakilia:

V/88. Viridity.
Kiswahili: ukijani.
Asili ya Kiingereza: Kilatini, viridis.
Asili ya Kiswahili: Kitinda, miaka sita, uani, asubuhi baada ya mvua ya kwanza.
Mfano: "Baba, ukijani wote huu jana ulikuwa umelala wapi?"
Sahihi ya msemaji: 

Na chini, kwa herufi ndogo: "Siku ile sikukuchukua dole gumba. Mikono yako ilikuwa na tope na mama yako alikuwa akikuita ukaoge, nikasema nitakuchukua baadaye. Kosa ni langu. Kiingereza wanalo neno lao, na mimi katika vitabu vyangu vyote sikupata la kuliweka mbele yake zuri kuliko hili. Ukikubali, tia sahihi urudishe. Ukikataa nitaacha tupu. Sina msemaji mwingine."

Kwa hiyo ni mimi. Neno nililokutukania ni langu. Ulilisikia kwangu nikiwa na miaka sita, ukalihifadhi miaka yote hiyo bila kujua, nami nikalisahau, nikaja nikakwambia ni ugonjwa wa mahindi. Sikumbuki kulisema hata kidogo. Nalikumbuka tope. Nakumbuka lilivyokuwa la baridi katikati ya vidole vya miguu, na baba amesimama mlangoni na kalamu sikioni.

Ya tatu ina mstari mmoja nyuma. Ni huu tu, na nadhani ndio jibu lake kwa maneno yangu ya sebuleni: "Yale ya mama yako sikuyaandikia kadi."

Nimelia. Bosi aliingia akanikuta, akasimama, kisha akaenda kuizima mashine kubwa, na miaka yote niliyofanya kazi hapa sijamwona akiizima kabla ya wakati. Baadaye akaja akasoma kadi, akasema, "Hilo la ulilala wapi, hilo zuri." Akaiwasha tena.

Alikuwa akingoja dole gumba langu, dada. Mwaka mzima na zaidi, kila asubuhi labda anakuuliza kama posta imekuja. Uliniambia mara moja kwenye barua kwamba siku hizi anatoka mwenyewe kumsubiri mtu wa posta, nikadhani anangoja vitabu.

Nisamehe. Kwa kabati na mgongo wako, kwa mikasi, kwa mafua, kwa maneno yale ya sebuleni uliyobaki nayo ndani ya nyumba wakati mimi nimepanda basi. Nisamehe, dada, kwa yote.

Wino mimi sikosi. Nimetia dole gumba kwenye zote tatu. Ukurasa wa V umechapwa leo saa tisa, na neno lako limo.

Kitinda


Nyumbani,
23 Aprili

Mdogo wangu Kitinda,

Ungekuwa karibu ningekuchapa kwa rula ya mbao kwanza, ndipo ningelia. Kwa kuwa uko mbali nimelia kwanza, nikaunguza kola mbili za sare, na rula nimeiweka pale itakapokuwa karibu nami.

Ndiyo, alikuwa akiniuliza. Kila siku. Nilikuwa nikimjibu, "Baba, hakuna kitu, kaa ule." Nilichoka na swali hilo mpaka nikawa namjibu kabla hajafungua mdomo. Sasa najua alikuwa akingoja nini, na mimi pia itabidi niishi nalo. Lakini hakuwa na hasira, Kitinda. Mtu mwenye hasira hanakili kadi moja mara tatu na macho yake yale. Aliwahi kuniambia mwezi ule wa Julai, nikadhani anapotelewa na akili, "Huyu akirudisha yake, kopo la V nalifunga." Nami nikamwambia vizuri baba, lifunge.

Bosi wako mpe salamu zangu. Mwambie kisima kimetoa maji.

Sasa sikiliza. Nimelifungua kopo la A. Nimeitoa A/203, "apologise", ile aliyoandika kwamba nyumba hii hailitumii. Nimekijaza alichokuwa akikitafuta, kwa mwandiko wangu, chini ya wake:

Mfano: "Nisamehe, dada, kwa yote." Msemaji: Kitinda. Kwa barua, 17 Aprili.

Najua A umeshaichapa. Itangoja kitabu kitakapochapwa mara ya pili. Lakini baba katika kazi hii yote alikosea jambo moja, kupeleka kadi kwa posta kwa mtu kama wewe. Mimi sirudii. Hii haitoki humu ndani. Iko juu ya meza yake, nimeiwekea ile miwani juu isipeperuke, na kidau cha wino nimekijaza.

Basi linafika hapa saa kumi na moja. Njoo utie sahihi.

Dada yako